Kopo Chini ya Kawa

Fungu la msafiri halilali mara mbili. Nimeitamka methali hii asubuhi ya leo mbele ya kabati la vyombo, na wajukuu zangu wawili wakanitazama kana kwamba nimewasemesha kwa lugha ya ndege. Nuru alikuwa ameshika kopo la samaki alilolitoa nyuma ya vikombe. Ni kopo la baba yao. Tulimwekea tangu alipoanza safari zake ndefu za lori, kwa sababu anapenda samaki wa kopo kuliko nyama ya sikukuu, na tangu hapo ama hakuja, ama alikuja mbiombio akaondoka bila hata kuketi.

"Bibi, tarehe yake imepita," Nuru akasema. "Tumpe paka?"

"Paka atakula tu," Masanja akadakia. "Paka hana habari na tarehe."

Hapo ndipo niliposema nilichosema, na hapo ndipo waliponiuliza kimetoka wapi. Ninyi, wajukuu zangu, mkisikia neno la wazee mnadhani limeshuka na mvua. Halikushuka. Neno hili lina nyumba lilikozaliwa, na nyumba hiyo naijua vizuri, maana ukuta wake wa kushoto ndio uliokuwa ukuta wangu wa kulia. Liwekeni kopo hilo mezani, mkae chini, niwaambie lilivyoanza.

Nilipoolewa, babu yenu alikuwa mfanyakazi wa reli hapa hapa Tabora, tukapewa chumba kwenye kota za reli. Kota zile zilishikana. Mwenzako akikohoa kwake, wewe unampa pole ukiwa kitandani kwako. Wanaume wengi walikuwa watu wa njiani, leo Kigoma, kesho Mwanza, keshokutwa Dodoma, na treni za siku zile hazikuwa na adabu ya saa. Zilifika zilipofika.

Kwa hiyo wake wa kota tulikuwa na desturi yetu. Jioni ukipakua chakula, na mumeo yuko safarini, unatenga fungu lake kwenye sahani na kulifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili. Hilo liliitwa fungu la msafiri. Usiku hakuna aliyeligusa, hata mtoto alie. Lakini kukipambazuka na mwenyewe hajafika, fungu hilo huliwa. Hula aliyepo: mtoto, mgonjwa, jirani aliyeamka hana kitu, na kinachobaki ni cha paka. Jioni unapika jingine, unafunika tena. Wakubwa zetu walitufundisha hivyo, tena kwa ukali, na sababu hawakututajia. Sisi wake wapya tulidhani sababu ni joto tu, kwamba chakula kitachacha.

Jirani yangu wa ukuta aliitwa Nyamizi. Mumewe, Haruna, alikuwa mpishi katika behewa la chakula. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, na akishuka kwenye treni ulimjua kabla ya kumwona, kwa sababu nguo zake zilinukia vitunguu na nyanya za kukaanga. Nyamizi alichelewa kuzifua nguo hizo makusudi. Aliniambia mwenyewe bombani, tukisubiri ndoo zijae, bila haya yoyote. "Nikizifua mapema," akasema, "nyumba inakuwa haina mtu."

Alimpenda. Sitaki kulizungusha jambo hili. Wengine tuliwaheshimu waume zetu, tuliwazoea, tuliwagombeza. Nyamizi alimpenda wake hata ukamwonea huruma.

Hawakujaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa na watu watatu na paka mmoja. Wa tatu alikuwa Bi Kabula, mama mzazi wa Haruna, mzee mdogo wa mwili asiye na jino hata moja, mpole, mwenye kuchekelea mambo peke yake. Paka alikuwa dume la rangi ya majivu ambalo Haruna alilileta likiwa bado kitoto, akaliita Gadi, kwa sababu kila jioni lilizunguka nyumba nzima likikagua milango kama gadi wa treni anavyokagua mabehewa kabla ya kupuliza filimbi. Gadi hakuitika jina lake. Aliitika mlio mmoja tu. Haruna alizoea kumletea kopo lenye masalio ya samaki chini, na kabla ya kumpa aligonga ubavu wa kopo kwa kijiko, ko ko ko. Hata kama Gadi yuko juu ya paa la nyumba ya mwisho, utamwona anakuja, mkia juu.

Kisha behewa la chakula likaondolewa kwenye treni zetu. Wapishi wakaambiwa asanteni, wakagawiwa vilivyobaki stoo, na Haruna akapata katoni ya samaki wa kopo. Alikaa nyumbani akitafuta kazi, hakuipata. Akasikia kwamba huko Zambia, kwenye migodi ya shaba, wanahitaji wapishi wa kambi. Akaamua kwenda. Asubuhi ya kuondoka alisimama kibarazani, begi begani, nami nilikuwa nafagia kwangu. Nitakuwa mwongo nikisema sikusikiliza.

"Makopo yale usiyafungue," akamwambia mkewe. "Nikirudi tutayala pamoja, mimi na wewe na mama. Gadi atalamba makopo."

"Na yakiharibika?"

Haruna akacheka. "Cha kopo hakiharibiki, mke wangu. Kimelala kiwandani, kimelala melini, kimelala stoo. Hakijui kuchacha."

Aliyesema hivyo ni mpishi. Nyamizi angemwamini nani mwingine?

Mwanzoni habari zilikuja kwa midomo ya watu wa reli. Haruna ameonekana Ndola. Haruna amepata kazi. Mtu mmoja alileta kitenge na salamu, na Nyamizi alikivaa kitenge kile mpaka kikapoteza maua yake. Halafu habari zikapungua, halafu zikakatika. Wengine wakasema ameoa huko, wengine wakasema amehamia mgodi mwingine, wengine wakanyamaza kwa namna iliyokuwa mbaya kuliko kusema. Ukweli sikuujua siku ile na siujui leo.

Nyamizi aliendelea kupika na kufunika. Kila jioni fungu la Haruna liliingia chini ya kawa, na kila asubuhi lililiwa, nusu Bi Kabula, nusu mtoto wa jirani, makombo Gadi. Lakini siku moja alikuja kwangu macho mekundu, akaketi kwenye kinu changu kilicholala.

"Siwezi tena," akasema. "Kila nikifunua kawa nikampa mtu mwingine chakula chake, naona kama namzika."

 Nilimpa chai.

Jioni ile, kwa akili yake mwenyewe, akapata dawa. Alitwaa kopo moja kutoka kwenye ile katoni, akalifuta vumbi, akaliweka juu ya sahani, akalifunika kwa kawa. Asubuhi alilifunua, likawa lilivyokuwa, akalirudisha kabatini. Hapakuwa na cha kuchacha wala cha kumpa mtu. Jioni akaliweka tena. Alifurahi kama aliyevumbua kitu. Tangu siku hiyo fungu la Haruna likawa linalala, linaamka, linalala, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Wanawake wa kota tuliona, tukatazamana, tukasema ni mapenzi. Mapenzi yakishaitwa jina lake, nani atayakemea?

Lakini nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa na meno.

Tabora si mji wa samaki wabichi, mnajua wenyewe. Wakati ule tulipata dagaa wakavu na samaki wa kukaushwa kwa moshi, na vyote hivyo ni mateso kwenye fizi za mzee. Bi Kabula alizaliwa karibu na mto, alikua akila samaki, na samaki ndiye aliyemtamani uzeeni. Jioni moja nilisikia sauti yake kupitia ukutani.

"Mkwe wangu, samaki wa kopo mifupa yake laini, eti?"

"Laini sana, mama. Haruna akirudi mtakula pamoja."

"Haya."

Akauliza tena mwezi wa Ramadhani, baada ya kufuturu, kwa kujichekesha, kama mtu anayeomba kitu asichokitaka. "Nimetamani tu kuonja, mwanangu. Kipande."

"Mama, yapo machache. Haruna akirudi tumkaribishe na nini?"

"Haya, mwanangu."

Kuna "haya" ya mtu aliyekubali, na kuna "haya" ya mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe aliyelala. Ya Bi Kabula ilikuwa hii ya pili. Msidhani Nyamizi alikuwa mwovu. Alimwogesha mzee yule, alimsuka nywele zake chache, alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. Kila kitu alimpa. Kilichokuwa cha Haruna tu ndicho alichomnyima.

Masika yalipofika, Bi Kabula akalala kitandani na kukataa chakula. Uji alikataa, maziwa alikataa, mchuzi wa kuku alionja akageuka ukutani. Nilikwenda asubuhi moja na uji wangu wa mtama nijaribu bahati, nikamkuta Nyamizi amepiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, niambie basi. Utakula nini?"

 Mzee akasema, akitazama dari, "Kuna kitu kimoja ningekula. Lakini ni cha mwenyewe."

Nyamizi aliinuka, akaenda kabatini. Nikamfuata. Alichukua kopo lile lile lililokuwa likilala chini ya kawa, akalishika kwa mikono miwili, na nikaona kitu alichokuwa akikiona kila siku bila kukitazama. Kifuniko kilichokuwa bapa kilikuwa kimeinuka kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nikakibonyeza kwa kidole, kikaitika tok, na nilipoachia kikarudi juu. Nikaligeuza. Tarehe iliyopigwa chini ilikuwa imepita zamani, hata wino wake umeanza kukimbia.

"Nyamizi, limevimba."

"Ni joto tu."

"Na tarehe?"

"Tarehe ni mambo ya madukani. Haruna alisema cha kopo hakiharibiki." Akatafuta kisu. "Wewe hukumsikia?"

Nilimsikia. Ndiyo maana sikumnyang'anya kisu.

Ncha ya kisu ilipoingia, kopo lilifoka, mchuzi ukaruka mpaka ukutani. Harufu ikatoka. Ilikuwa harufu ya nyanya na vitunguu, ile ile ya nguo za Haruna, lakini chini yake kulikuwa na harufu nyingine, chachu, isiyo na jina zuri. Tukatazamana. Na kabla hatujasema kitu, tukasikia sauti ya Bi Kabula kutoka chumbani, sauti yenye nguvu ambayo hatukuisikia tangu mvua zianze.

"Mmeshafungua? Naisikia harufu!"

Nyamizi akafumba macho. Alikuwa amemwambia mzee yule subiri mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu ulimi ulimgomea.

"Tumjaribu Gadi kwanza," akaninong'oneza. "Paka ana pua. Kibovu hakili. Akila yeye, mama naye atakula."

Kabla sijafungua mdomo, alikwisha kumimina samaki kidogo kwenye kisahani, akashika kijiko, akagonga ubavu wa kopo. Ko ko ko.

Gadi alikuwa mzee sasa, amelala juu ya ukuta wa uani akiota jua lililochomoza kati ya mvua mbili. Mlio ule hakuwa ameusikia tangu Haruna alipoondoka. Aliruka chini kama kitoto. Akaja mbio, mkia juu, akatupita sisi, akapita kisahani bila kukiangalia, akaenda mpaka kizingiti cha mbele, akaketi, akatazama njia ya stesheni.

Akakaa hapo. Masikio yamesimama.

Nyamizi aliweka mkono mdomoni. Mimi mwenyewe, ambaye Haruna hakuwa wangu, nikaitazama njia hiyo hiyo ya stesheni. Tulikuwa tumesema paka hana kumbukumbu, anapenda nyumba, hampendi mtu. Tulisema uongo.

Mwisho Gadi aligeuka, akarudi pole pole. Akanusa kisahani, akavuta kichwa nyuma. Nyamizi akagonga tena, ko ko ko, na Gadi akainama akala. Paka ana pua, ni kweli. Lakini siku ile alikula kwa masikio.

"Amekula," Nyamizi akasema, na tayari alikuwa amechukua bakuli la mama.

Nikamshika mkono. "Ngoja. Umesema tumjaribu, basi tungoje."

Kwa bahati alikubali. Tukamdanganya mzee kwamba samaki anapashwa moto. Haikufika adhuhuri, Gadi akaanza kutapika. Alitapika hadi akawa anatapika povu, kisha tumbo likamfunguka, kisha akajilaza chini ya kabati, ulimi nje, na Nyamizi alipomwita kwa jina, hata sikio hakulitikisa. Alimfunga kwenye aproni kuukuu ya Haruna, akampakata, akilia, akisema maneno ambayo hayakuwa ya paka. "Usiende na wewe," alisema. "Usiende na wewe."

Nilikimbia mwenyewe kumwita bwana mifugo, Bwana Lutonja, aliyekuwa akihudumia ng'ombe wa upande wa pili wa reli. Alikuja na baiskeli yake, matope hadi magotini. Akamshika Gadi ngozi ya shingo, akaivuta, ikachelewa kurudi. Akamdunga maji ya dripu chini ya ngozi hiyo. Kisha akauliza amekula nini, nikamwonyesha kopo. Hakulinusa hata kidogo. Alilisogeza kwa mguu.

"Nani mwingine amekula hiki?"

"Hakuna," nikasema. Nyamizi alikuwa akilitazama bakuli la mama lililokuwa juu ya meza.

"Basi mwombeni radhi paka huyu."

"Bwana Lutonja," Nyamizi akasema, "si tarehe tu ilipita? Ni kopo. Halikuwa na tundu."

"Mama, tarehe peke yake si sumu," akajibu, akinawa mikono. "Kopo zima, lisilo na kutu wala kubonyea, likipita tarehe siku chache, pengine kilichomo kimepungua ladha tu. Hata hivyo mimi simpi mnyama wangu kitu ambacho mimi mwenyewe nakiogopa. Lakini kopo likivimba, huko ndani kuna kinachoishi, nacho kinapumua. Likifoka ukilifungua, usionje. Usimpe mbwa, usimpe paka, usimpe kuku. Paka si mpimaji wa sumu. Tena hata likiwa zima, mchuzi huu una chumvi na vitunguu, si chakula cha paka. Alikuwa akipewa na mtu aliyempenda, siyo?"

"Ndiyo," Nyamizi akasema.

"Ndiyo. Huwa ni hivyo."

Akatuambia tumpe maji kidogo kidogo kwa kijiko, tumwache apumzike, akaondoka na baiskeli yake. Tukabaki na nyumba, na mchuzi ukutani, na mzee chumbani ambaye alikuwa bado anangoja samaki.

Nyamizi aliingia. Nilisimama mlangoni kwa sababu sikujua niende wapi.

"Mama," akasema, "samaki wameharibika."

"Kopo hilo?"

"Yote, mama. Nimeyaangalia. Yote yamevimba." Akaanguka magotini. "Niliyaweka vizuri. Niliyafuta vumbi kila siku."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Nilikuwa namwekea mwanao."

Bi Kabula akageuka kutoka ukutani. Uso wake haukuwa na hasira, na ingekuwa afadhali ungekuwa nayo.

"Ni mwanangu," akasema. "Unadhani mimi simngoji? Mimi nilianza kumngoja kabla yako, tangu yumo tumboni. Kila treni ikilia nahesabu hatua zake kutoka stesheni mpaka hapa, najua anapochelewa kusalimia watu. Lakini, mke wa mwanangu, fungu la msafiri halilali mara mbili. Usiku ni lake. Kukicha, lilikuwa langu."

Nyamizi aliweka kichwa kwenye mto wa mzee yule, akalia kilio ambacho hakuwahi kumlilia Haruna. Mkono wa Bi Kabula, mwembamba, ukawa unampapasa kichwani. Mimi nikarudi nyuma, nikaufuta ukuta mchuzi, nikaufuta hata palipokuwa safi.

Jioni ile tulichimba shimo refu nyuma ya kota, tukayafukia makopo yote bila kuyatoboa, mbwa wasiyafikie. Nyamizi aliyapanga shimoni moja moja, kama alivyoyapanga kabatini. Kesho yake alikwenda sokoni akapata kambale wa moshi, akamloweka, akamchemsha hadi akalainika kabisa, akaketi kitandani kwa mzee akitoa miiba kwa vidole, kipande kwa kipande. Bi Kabula alikula. Alikula kidogo siku hiyo, akala zaidi siku iliyofuata, na rangi ikamrudia usoni. Aliishi mpaka kipupwe cha mwaka uliofuata. Alikufa usingizini, naye alikuwa ameshiba. Si jambo dogo hilo, kumsindikiza mtu akiwa ameshiba.

Gadi alipona, ingawa alibaki mkonde. Na kawa lilirudi kazini. Kila jioni Nyamizi alipika, akatenga fungu la Haruna, chakula cha kweli chenye moshi wake, akakifunika. Kila asubuhi alikifunua na kumpa aliyekuwepo. Msidhani aliacha kumngoja. Nilimuuliza siku moja bombani kama bado anaumia, akanijibu, "Naumia kila asubuhi. Lakini sasa kuna mtu anayeshiba kwa maumivu yangu."

Na asubuhi moja nilimwona akitenga mnofu mtupu usio na chumvi, akagonga ukingo wa sahani kwa kijiko. Gadi akaja. Safari hii hakupita kwenda mlangoni. Alikuja moja kwa moja miguuni kwa Nyamizi, akala hapo. Nyamizi alicheka, kisha akaingia ndani upesi, nami nikajua anakwenda kufanya nini, sikumfuata.

Maneno ya Bi Kabula niliyabeba mimi, nikayasema bombani, na wanawake wa kota wakayachukua. Kumbe sababu ambayo wakubwa zetu hawakututajia ndiyo hiyo, kwamba kukicha fungu ni la aliyepo. Wanawake hao walipohamishwa waliondoka nayo maneno hayo, yakafika Kigoma, yakafika Dodoma, na leo mtu anayasema asijue kwamba yalitoka kwa mzee mmoja asiye na meno.

"Kwa hiyo Haruna hakurudi?" Nuru ameniuliza.

Hakurudi nilipokuwa pale. Nilipohama nilimwacha Nyamizi akipepeta mchele, na katika mchele ule lilikuwemo fungu la Haruna.

 Masanja alikuwa akiitazama meza, pale penye kawa. Kisha akasema polepole, "Na baba?"

Baba yenu amepiga simu jana akasema kesho. Juzi pia alisema kesho. Barabara ni barabara, na lori si lake. Mimi namtamani kuliko ninyi, msidanganyike. Ninyi mna bibi wa kuwafariji, mimi nina mtoto mmoja tu, naye yuko mbali, na jana usiku kila gari lililopunguza mwendo nimeketi kitandani. Nilimtengea paja la kuku na wali, mkaniona nikifunika. Usiku umepita. Hakuja.

Basi, Nuru, kopo hilo nenda ukalitupe, usilitoboe, na paka asikufuate. Halijavimba, nimeliona, lakini kwa nini tumpe paka tunachokiogopa wenyewe? Tungemfungulia mtu yeyote mwaka jana angekula akafurahi. Masanja, wewe funua kawa. Usinitazame hivyo, funua. Gawaneni paja hilo la baba yenu, mchambulieni paka mnofu wa ndani, usioshika chumvi wala kiungo, na mle mpaka mfupa uonekane. Kisha mnioshee sahani hiyo vizuri mniletee, kwa sababu jioni nitampakulia tena. Fungu la msafiri halilali mara mbili.